Mawimbi ya simu, maikrowevu, minara na rada: jinsi ya kuyakagua mwenyewe hapa Mombasa

Ukikaa baraza lolote hapa Mombasa ukataja mnara wa simu utayasikia mengi, huyu atasema unaleta saratani, yule atasema unaharibu mimba, mwengine atakwambia chakula cha maikrowevu ni sumu, halafu ataingia kijana mmoja aseme yote hayo uongo, simu haina mionzi yoyote. Sasa mama mwenye mtoto mchanga na mnara umesimamishwa juu ya dari ya jirani ashike lipi? Hapo barazani hakuna hata mmoja aliyemuuliza huo mnara uko umbali gani na antena zake zaelekea wapi, na hilo ndo jambo la kwanza kuuliza.

Hapa nataka nikupe njia ya kukagua hivi vitu bila mashine ya bei na bila kungoja mtu akutishe au akubembeleze. Njia yenyewe ni maswali manne: ni mionzi ya aina gani, ina nguvu kiasi gani, iko mbali kiasi gani, na unakaa nayo muda gani. Majibu yake mengi yalitoka kwenye utafiti wa kijeshi, na kuna wanajeshi na mafundi walioumia ndo yakapatikana, kwa hivo kabla sijaingia jikoni kwako wacha nianze huko, manake ukijua yalitoka wapi hutohitaji kukariri.

Yalitoka vitani

Februari 1940 pale Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, John Randall na Harry Boot walitengeneza chombo cha shaba chenye matundu ndani kinaitwa magnetroni, kikatoa mawimbi mafupi ya kama sentimita 10 kwa nguvu ambayo hakuna chombo kingine kilikuwa kinaiweza wakati ule. Rada za mwanzo za Waingereza zilitaka milingoti mirefu pwani nzima lakini kwa magnetroni rada ikawa ndogo ya kutiwa kwenye ndege ikatafute nyambizi za Wajerumani usiku. Septemba mwaka huo huo ikapelekwa Marekani kwa siri na ujumbe wa Henry Tizard, na pale chuo cha MIT ikafunguliwa maabara ya Radiation Laboratory ambayo kazi yake kubwa ilikuwa rada mpaka vita vikaisha.

Angalia sasa kilichotoka pale. Percy Spencer, mhandisi wa Raytheon, kampuni iliyokuwa ikitengeneza magnetroni za jeshi, aligundua peremende mfukoni mwake imeyeyuka akiwa karibu na magnetroni inayofanya kazi, akaomba hataza 1945, na 1947 ikaanza kuuzwa maikrowevu ya kwanza, Radarange, kimo karibu mita 1.8 na uzito kama kilo 340. Edward Purcell, ambaye wakati wa vita alikuwa Radiation Laboratory, Desemba 1945 yeye na wenzake walitumia mawimbi ya redio na sumaku kupata ishara kutoka kwa viini vya haidrojeni, na Felix Bloch wa Stanford, ambaye naye vitani alikuwa kwenye kazi ya kuvuruga rada za adui, akayapata hayo hayo kwa njia yake, wakagawana tuzo ya Nobel ya 1952, na hapo ndo mzizi wa MRI, ile mashine ya hospitali inayopiga picha ya ndani ya mwili kwa sumaku. GPS nayo ni ya jeshi la Marekani, satelaiti yake ya kwanza ilirushwa 1978 na raia walikuwa wakipewa ishara iliyopunguzwa usahihi makusudi mpaka Mei 2000, leo nahodha wa mashua ya Bandari ya Kale anaitumia kurudi kwenye mwamba wake wa samaki.

Na Mombasa yenyewe imo kwenye hii hadithi, sijui kwa nini haisemwi zaidi. 1942 Wajapani walipoishambulia Ceylon, Sri Lanka ya leo, meli za Waingereza za Bahari Hindi zikahamia Kilindini, na pamoja nao wakaja wale waliokuwa wananasa mawimbi ya redio ya Wajapani na kuvunja siri zake. Wakawekwa kwenye shule ya Allidina Visram, ile ile tunayoijua, na hapo hapo 1942 wakavunja msimbo wa JN-40 uliokuwa unatumiwa na meli za mizigo za Kijapani. Shida yao kubwa ilikuwa mawimbi kufika hapa yakiwa dhaifu mno, kusikia ilikuwa taabu, na 1943 wakarudi Colombo. Hilo la mawimbi kuchoka kwa umbali lishike vizuri kwa sababu ndo silaha yako kubwa humu ndani.

Halafu wakaanza kujiuliza kama inaumiza

Wanajeshi na mafundi walikuwa wanakaa mbele ya rada mchana kutwa. 1952 ikaripotiwa kesi ya fundi wa mawimbi haya aliyepata mtoto wa jicho akiwa bado kijana, na hilo linaeleweka, mawimbi ya redio yakiwa na nguvu yanapasha mwili joto na jicho halina damu nyingi ya kuondoa joto. 1953 Herman Schwan akalishauri jeshi la wanamaji la Marekani kikomo cha miliwati 10 kwa kila sentimita mraba, akikokotoa mwili unaweza kutoa joto kiasi gani. Warusi wao wakaweka kikomo cha chini mara 1,000 ya hicho. Halafu ikaja ile kesi ya Moscow, kuanzia 1953 hadi miaka ya 70 Warusi walikuwa wanauelekezea ubalozi wa Marekani mawimbi, nguvu yake ndogo sana ukilinganisha na kikomo cha Wamarekani, Wamarekani wakajua wakanyamaza, wafanyakazi wao wenyewe hawakuambiwa mpaka 1976. Wizara ya ulinzi ya Marekani ikaanzisha mradi wa siri, Pandora, ukafanya majaribio kwa nyani kuona kama akili inavurugika. 1978 Abraham Lilienfeld wa Johns Hopkins akatoa uchunguzi wa wafanyakazi zaidi ya 1,800 waliokaa Moscow akiwalinganisha na wa balozi nyengine za Ulaya Mashariki, hakuona ushahidi wa kuridhisha kuwa yale mawimbi yaliwadhuru.

Mimi kinachonikera kwa kesi hii ni kule kunyamaza. Ukimficha mtu kitu kinachompiga nyumbani kwake hata kama hakimuumizi hatokuamini tena, na shaka nyingi tunazozisikia leo zina haki yake hapo.

Lakini kuna wanajeshi walioumia kweli na ni muhimu ujue waliumizwa na nini. Ujerumani, askari na mafundi waliokuwa wakitengeneza rada miaka ya 50 mpaka 80 walipata saratani, wakapigania haki yao, na 2003 tume iliyoundwa kuchunguza ikatoa ripoti. Mionzi iliyotiwa maanani zaidi ilikuwa X-ray. Vile vyombo vya ndani ya rada vinavyotumia voti elfu kumi kwenda juu vinatoa X-ray bila kukusudiwa, na mafundi walikuwa wanafungua makasha wakafanya kazi vikiwa vimewashwa bila kinga. Mtu amesimama mbele ya aina mbili za mionzi kwa pamoja, moja inapasha joto, nyengine inavunja chembe za mwili, na iliyokuwa ikimuua siyo aliyokuwa akiiogopa.

Ndo maana swali la kwanza ni aina gani. X-ray na gamma zinavunja vinasaba, athari yake inakusanyika, hapa Kenya zinasimamiwa na KNRA, mamlaka ya udhibiti wa nyuklia, iliyoundwa kwa sheria ya 2019. Simu, waifai, mnara, maikrowevu, rada yenyewe ikitoka kwenye antena, hayo ni mawimbi ya redio, hayana nguvu ya kuvunja vinasaba, athari iliyothibitishwa ni joto, na ukizima yamekwisha, hayabaki kwenye chakula wala ukutani.

Swali la nguvu na umbali yanakwenda pamoja. Ukizidisha umbali mara 2 nguvu inayokufikia inabaki robo, ukizidisha mara 10 inabaki moja kwa 100. Vikomo vya ICNIRP, tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi ya aina hii, kwa raia ni wati 4.5 kwa mita mraba kwenye megahatsi 900, na wati 10 kuanzia megahatsi 2,000 kwenda juu, na hivyo vimewekwa mbali chini ya kiwango kinachopandisha joto la mwili. Kwa hesabu hii tu unaweza kukagua nyumba nzima.

Rauta ya waifai

Hii niimalize haraka. Rauta ya kawaida ya nyumbani kwenye mawimbi ya gigahatsi 2.4, yaani megahatsi 2,400, inatoa kama wati 0.1. Ukikaa mita moja kutoka kwake unapata kama wati 0.008 kwa mita mraba, kikomo ni 10, yaani uko chini yake zaidi ya mara 1,000. Ukitaka amani zaidi usiiweke kichwani mwa kitanda, isogeze mita mbili, umemaliza. Usinunue vile vibanda vya waya vya kuifunika, vikifanya kazi huna intaneti, visipofanya kazi umetupa pesa.

Simu

Simu nguvu yake ni ndogo kuliko mnara kwa mbali lakini iko sikioni, umbali umekwisha. Na kuna jambo wengi hawalijui, simu haitoi nguvu moja wakati wote, netiwaki ikiwa nzuri inashusha sauti yake, netiwaki ikiwa mbaya inapandisha mpaka mwisho wake. Sasa fikiria zile nyumba za Mji wa Kale, kuta za mawe ya matumbawe nene kama dhiraa, chumba cha ndani hakina dirisha la nje, alama ya netiwaki imebaki kijiti kimoja kinachochezacheza, unaongea nusu saa na dada yako wa Lamu, simu inakuwa moto shavuni, betri imeshuka vibaya. Mnara wa jirani hauna hatia hapo, ni simu yako yenyewe inapiga kelele isikike. Kwa hivo:

Ongea karibu na dirisha au panda darini, hasa ukiwa na mazungumzo marefu. Ukiona kijiti kimoja tuma meseji au ngoja. Tumia spika au hedifoni ya waya, hata sentimita 20 kutoka kichwani ni tofauti kubwa sana kwa ile hesabu ya umbali. Ukiwa ndani ya lifti au gari linalokwenda kasi simu inahangaika kutafuta minara, hapo pia si pahali pa kuongea saa nzima.

Kila simu halali imepimwa nguvu inayoingia mwilini, inaitwa SAR, Ulaya kikomo ni wati 2 kwa kilo ikipimwa kwa gramu 10 za mwili, Marekani ni 1.6 ikipimwa kwa gramu moja. Piga *#07# simu nyingi zitakuonyesha namba hiyo au pahali pa kuisoma. Piga *#06# upate IMEI, namba ya utambulisho wa simu, ikiwa haitoki au haifanani na iliyoandikwa kwenye boksi hiyo simu ina walakini na hujui imepimwa na nani.

Zile stika za dhahabu za kubandika nyuma ya simu kuzuia mionzi, wacha. Ikiwa kweli inazuia mawimbi basi simu itaongeza nguvu kufidia, ikiwa haizuii umenunua stika.

Na saratani? Nakwambia yalivyo. 2011 shirika la saratani la WHO, IARC, liliyaweka mawimbi haya kundi la 2B, maana yake huenda yakasababisha, ushahidi ni mdogo. 2018 mpango wa serikali ya Marekani unaochunguza sumu ulipiga panya mwili mzima saa 9 kwa siku kwa miaka 2, panya dume wakaonekana na uvimbe wa moyo, viwango vya juu kuliko anavyopata mtu. 2024 ukatoka uchambuzi ulioagizwa na WHO, umepitia tafiti 63 za watu, haukuona uhusiano wa simu na saratani ya ubongo, hata kwa waliotumia zaidi ya miaka 10. Kwa hivo ukiniuliza mimi, hatari niliyo na uhakika nayo ya simu ni mtu kuvuka barabara ya Digo akisoma meseji, na chaja feki chini ya mto usiku. Hiyo chaja ndo ya kuitupa leo. Ukiishika imekuwa moto sana, ni nyepesi kama boksi tupu, au ukigusa simu unahisi umeme unakuwasha vidoleni, ichomoe.

Maikrowevu

Hapa ndo nataka ukae, kwa sababu pwani tuna shida ambayo mtu wa Nairobi hana, chumvi.

Ndani ya maikrowevu magnetroni inatoa wati 700 mpaka 1,000 au zaidi, nguvu hiyo haipo kwenye kitu chengine chochote nyumbani kwako cha mawimbi ya redio. Kinachokulinda ni kasha la chuma, ule wavu wa mlangoni, na mlango wenyewe kufunga sawa. Urefu wa wimbi ni kama sentimita 12 na matundu ya wavu ni milimita moja au mbili, wimbi halipiti, mwanga unapita, ndo unaona chakula. Marekani tangu 1971 sheria inasema uvujaji usizidi miliwati 5 kwa sentimita mraba ukipima sentimita 5 kutoka mlangoni, kwa maisha yote ya mashine. Ukirudi nyuma mpaka nusu mita inabaki kama moja kwa 100 ya hapo.

Sasa ikague, hivi. Chomoa plagi kwanza. Fungua mlango, chukua tochi ya simu, angalia ukingo wa mlango na ukingo wa kasha panapokutana. Hewa ya bahari inaanza kula pale chini, utaona rangi nyeupe imefura kidogo kama pele, ukikwaruza na ukucha inabanduka na chini yake pana kutu nyekundu. Kutu ya juu juu kwenye ukingo wa mbele bado si kifo, lakini ikiwa chuma kimetoboka, hata tundu dogo kama la msumari, au kutu imekula pale mlango unapokaa, hiyo maikrowevu imekwisha. Angalia bawaba, nyanyua mlango juu chini uone kama unacheza. Angalia wavu, usiwe umechanika wala kioo kupasuka. Futa mafuta yaliyoganda ukingoni kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu na sabuni, si kwa kisu na si kwa steliwuli, manake mafuta yakiganda mlango haukai sawa na ukikwaruza umeiondolea rangi chumvi ipate mlango wa kuingilia. Halafu kuna kile kibamba cha rangi ya kijivu pembeni ndani, kinafunika pahali mawimbi yanapotokea, kikijaa mafuta kinaungua na kutoa cheche, hicho kinauzwa na kinakatwa kwa saizi.

Rudisha plagi, weka bilauri ya maji, iwashe, halafu fungua mlango ghafla. Lazima ife hapo hapo. Ikiendelea hata kitambo kidogo swichi za mlango zimekufa, usiitumie tena hata kwa chai.

Kuna mtindo wa watu kutia simu ndani, kufunga na kuipigia, ikilia wanasema maikrowevu yavuja. Usiishike hiyo kama kipimo. Simu inasikia ishara dhaifu mno, chini kabisa ya kiwango ambacho kingemdhuru mtu, kwa hivo maikrowevu nzima kabisa simu inaweza kulia ndani yake. Na ukisahau ukaiwasha na simu imo umechoma nyumba.

Jambo la kufa na kupona kwenye maikrowevu ni fundi. Kapasita iliyomo ndani inabeba voti 2,000 na zaidi, na inaweza kubaki nazo hata ukishachomoa plagi. Kijana anayetengeneza redio na feni asikufungulie maikrowevu kwa sababu tu ana bisibisi, ule mguso mmoja unaua. Ikiwa imeharibika na fundi wa kweli hayupo, acha. Na wale wanaovunja magnetroni za kizee kutoa sumaku wasiponde ule udongo mweupe au wa waridi wa ndani, baadhi ulitengenezwa kwa berili na vumbi lake linaharibu mapafu.

Maji yakichemka ndani ya kikombe laini yanaweza kupita joto la kuchemka bila kutoa mapovu, ukitia majani ya chai yanalipuka usoni. Tia kijiko cha mbao kabla hujawasha. Na usipashe maziwa ya mtoto humo ukampa moja kwa moja, joto halienei sawa, chupa ya nje baridi katikati moto. Koroga uonje.

Mnara na antena za darini

Antena za mnara ni yale maboksi marefu meupe yaliyosimama wima. Yanarusha mbele yake kama ulimi mpana mwembamba, chini yake kabisa na nyuma yake kunafika kidogo. Kwa hivo nyumba iliyo chini ya mnara mara nyingi inapata pungufu kuliko ile ya mtaa wa pili, na zote mbili ziko chini sana ya kikomo. Chukua antena ya megahatsi 900 ambayo nguvu yake ikielekezwa mbele ni sawa na wati 1,000. Mita 50 mbele yake unapata kama 0.03 kwa mita mraba, mita 10 unapata kama 0.8, kikomo ni 4.5. Lakini mita 3 mbele yake, uso kwa uso, unapata karibu 9. Hapo umevuka.

Sasa wale wenye antena juu ya dari za maghorofa yao, Majengo, Tudor, Kizingo, kwengine, na dari hiyo hiyo ndo panapoanikwa nguo na watoto wanarusha vishada, hili ni lenu. Panda ukaangalie yale maboksi yanaelekea wapi. Yakiwa juu ya kichwa cha mtu na yanatazama nje ya jengo, sawa. Yakiwa kimo cha mtu na yanatazama pahali watu wanapita, mwambie mwenye nyumba awaite wenye antena waweke uzio na bango, au waipandishe, na kamba ya nguo ihamishwe nyuma yake. Wakikataa andika kwa Mamlaka ya Mawasiliano, CA, uombe vipimo vya pahali hapo, na NEMA, mamlaka ya mazingira, kama mnara ulisimamishwa bila tathmini ya mazingira. Andika pahali, piga picha antena na mlango wa darini, sema mita ngapi. Barua yenye mita inajibiwa tofauti na barua inayosema tunaumwa vichwa.

Meli na mashua

Vijana wetu wengi wako Kilindini au baharini kwa hivo hii siwezi kuiruka. Rada ya meli inatoa mpigo mfupi mfupi, mpigo mmoja kilowati 10 au 25 lakini wastani wake ni wati chache, na inazunguka, kwa hivo mtu aliye kwenye sitaha hana shida. Aliye na shida ni aliyepanda mlingoti kupaka rangi au kubadilisha taa. Kabla hujapanda: rada izimwe, si kuwekwa kungoja, izimwe. Kibango kitundikwe kwenye kioo chake na ufunguo au fyuzi ukae mfukoni mwako wewe unayepanda, si mfukoni mwa ofisa. Redio za masafa marefu nazo zinyamazishwe, zile antena zake za waya ukizigusa wakati mtu anarusha zinachoma nyama kutoka ndani, jeraha dogo juu kubwa chini. Na ile antena ya rada ikianza kuzunguka ghafla itakusukuma kabla mawimbi hayajakufanya chochote.

Mkifungua kasha la rada ya kizamani kumbuka wale Wajerumani. Usiiwashe ikiwa imefunguliwa.

Hospitali

Mama wajawazito wanauliza sana kuhusu skeni. Ile ya tumbo ya kupaka mafuta ni sauti, si mawimbi ya sumakuumeme, Ian Donald wa Glasgow aliyekuwa jeshi la anga la Uingereza na akaijua rada na sona ndo aliyeileta kwa uzazi, makala yake yalitoka 1958. Iende ukiitwa na daktari au mkunga. X-ray na CT, skeni inayotumia X-ray, ni ile aina inayovunja chembe, sema una mimba au huna uhakika kabla hujalala, hata kama hujaulizwa. Mwenye kifaa cha moyo kifuani simu ikae sentimita 15 mbali nacho, aiweke sikio la upande wa pili na si mfuko wa shati.

MRI haina X-ray lakini ile sumaku yake, nguvu yake mara nyingi tesla 1.5 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), haizimwi, iko vile usiku na mchana, na inavuta mtungi wa oksijeni kutoka mikononi mwa mtu. Toa kila kitu, pini za buibui, shanga, hirizi ikiwa ina chuma ndani, kadi za benki, saa. Sema kifaa cha moyo, vyuma vya mfupa, klipu za upasuaji wa kichwa, risasi. Na nyinyi mafundi wa kuchomelea na wa grainda, mliowahi kurukiwa na kichembe cha chuma jichoni hata kama ni miaka mingi na jicho halikuumi tena, mwambieni mhudumu kabla hamjaingia, awapige X-ray ya jicho kwanza, manake kichembe kile kikiwa bado kimo sumaku itakisogeza na jicho linaweza kupofuka pale pale kitandani.